Jumatatu ya Kuazima

Didas Kapinga hakuwa na mke, kwa kuwa Dorothea alikuwa amezikwa Mbinga, na yeye hata kaburi lenyewe alikuwa hajaliona. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na meno ya nyuma upande wa kushoto. Hakuwa na mwavuli mzima, huko Guangzhou, China, mji ambao mvua ya mwezi wa tano humwaga maji kama mtu anayeosha baraza. Hakuwa na mtu wa kumwambia "karibu tule" akaitika. Jina alikuwa nalo, lakini halikuwa na mtumiaji: wauza vitambaa walimwita *laoban*, yaani bosi, kama walivyomwita kila mtu mwenye mfuko, na Watanzania wenzake walimwita Mzee. Na hakuwa na siku ya kuzaliwa. Tarehe alikuwa nayo, imepigwa chapa kwenye pasipoti, lakini siku hakuwa nayo. Na hakujua kuwa imepungua mpaka mwanamke mmoja wa Ghana alipomuuliza.

Kazi yake ilikuwa kununua vitambaa. Asubuhi alivuka mto kwenda soko la vitambaa la Zhongda, akapita katikati ya majora yaliyosimama kama umati wa watu wasioongea, akashika kitambaa kwa vidole viwili, akakisugua, akakinusa, akakivuta kuelekea dirishani. Alasiri alirudi Xiaobei, mtaa wa Waafrika, akapanda kwenye ofisi ya wakala wa mizigo ndani ya jengo la Tianxiu Dasha, akahakikisha majora yake yamefungwa vizuri kwa safari ya Dar es Salaam na Songea. Kisha akaenda chumbani kwake, akafungua kamusi ya Kiingereza, akajifunza neno moja. Tabia hiyo aliianza zamani kule Songea, enzi alipokuwa mpima nguo dukani mchana na mwanafunzi wa masomo ya jioni usiku, na hakuiacha hata uzee ulipomfikia. Mtu anayejifunza neno kila siku, alijiambia, hawezi kusema siku hiyo imepotea bure.

Lakini chakula kilimshinda. Zamani palikuwa na mama wa Kizanzibari, Hafidha, aliyepika ugali na samaki wa nazi nyuma ya duka la simu. Wafanyabiashara walipopungua, Hafidha alifunga jiko akarudi kwao. Vijana walihamia kwenye chakula cha kuagiza kwa simu, kinacholetwa na pikipiki ndani ya bakuli la plastiki. Mzee Kapinga alijaribu mara moja, akakaa kitandani na bakuli magotini, akajiona kama mgonjwa wa wodini aliyesahauliwa na ndugu zake. Hakurudia.

Aliyemwelekeza alikuwa Judica, mwanamke wa Moshi anayenunua nguo za watoto, mmoja wa wachache waliomsalimia inavyotakiwa.

"Shikamoo, Baba Kapinga."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Ila wewe umekonda, Baba. Unakula wapi?"

"Ninakula."

"Sikuuliza kama unakula, nimeuliza wapi. Nenda kwa Anti Araba, yule Mghana. Nyumba ya nyuma ya Tianxiu, ile yenye ngazi za kijani, ghorofa ya tatu. Hakuna kibao mlangoni. Fuata harufu ya mawese, na ukiona masanduku ya safari yamepangwa kwenye ngazi, umefika."

Alikwenda. Masanduku yalikuwepo kweli, mengine bado na vitambulisho vya uwanja wa ndege, maana msafiri yeyote wa Afrika Magharibi aliyefika Guangzhou na hamu ya kwao alielekezwa pale kabla ya kuelekezwa hotelini. Ndani, sebule ya nyumba ya kawaida ilikuwa imegeuzwa chumba cha kulia. Karibu na mlango palikuwa na meza ndogo yenye kitambaa cha plastiki chenye maua. Ndani zaidi, chini ya dirisha, palikuwa na meza ndefu ya mbao tupu, na huko ndiko kelele na vicheko vilikotoka.

Anti Araba alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, wa Cape Coast, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuuza sokoni. Alimwekea beseni la maji na sabuni, kisha akamletea bonge jeupe, laini, linalong'aa, na sangara mzima wa kuchoma, na pilipili mbili: moja nyekundu mbichi, nyingine nyeusi kama lami, ya kukaangwa pamoja na dagaa.

"Hii ni banku," alisema kwa Kiingereza, lugha waliyoelewana kwayo. "Unga wa mahindi uliochachuka, na muhogo kidogo. Kula kwa mkono. Ukiomba uma, nitakuletea, lakini nitahuzunika."

Kapinga alikata tonge, akalibinya kwa kidole gumba, akachovya. Uchachu ulimpanda puani. Alikuwa ameuonja uchachu huo utotoni, kwenye ugali wa unga uliolowekwa, nyumbani kwa mama yake, juu kwenye milima ya Umatengo ambako watu hulima mashimo ya ngoro kwenye miteremko. Alitafuna upande wa kulia, polepole, akitazama ukutani ili mtu asimwone macho.

Alipomaliza, Anti Araba alirudi. "Utarudi kesho?"

"Nikijaliwa."

"Basi ulizaliwa siku gani?"

"Tarehe moja Julai."

"Hiyo ni ya polisi wa uwanja wa ndege. Mimi nimekuuliza siku. Jumatatu? Jumanne?" Aliegemea meza. "Sikiliza, mzee. Kwetu roho ya mtu huja duniani na siku yake, na siku hiyo humpa jina kabla ya baba yake kumpa lingine. Mimi ni wa Jumanne, ndiyo maana ni Araba. Yule mwenye kofia pale ni Kwame, wa Jumamosi. Ndiyo maana anabisha kila kitu. Anayepita tu simuulizi. Anakula kwenye meza hii ya mlangoni, nampa heshima zote za mgeni, anabeba sanduku lake, buriani. Lakini anayerudi lazima nijue roho yake ni ya siku gani, nimuweke meza ndefu, na siku yake ya mwaka ikifika nimpikie."

"Sijui siku," alisema Kapinga.

"Mama yako hakukuambia?"

"Alifariki nikiwa mdogo."

"Pole. Na hakuna mwingine?"

Kapinga alitoa leso, akajifuta mdomo kwa makini kuliko ilivyohitajika. Anti Araba alisubiri kidogo, kisha akaita jikoni kwamba supu ya karanga inaungua, akaondoka.

Kwa wiki kadhaa alikula kwenye meza ya mlangoni. Chakula kilikuwa kilekile cha meza ndefu: siku nyingine wali uliopikwa na kunde ukawa mwekundu, siku nyingine mkate wa mahindi uliochemshwa ndani ya maganda, siku nyingine fufu, bonge la muhogo uliotwangwa, ndani ya supu ya mbuzi, ambayo Anti Araba alimkataza kuitafuna. "Fufu haitafunwi, inamezwa! Umeona? Hata meno yako tumeyapa likizo." Kilichotofautiana ni wenzake. Leo alikaa na mnunuzi wa mikoba aliyetoka soko la Shiling na harufu ya ngozi nguoni. Kesho na mchungaji wa Kumasi aliyekuwa akitafuta vipaza sauti. Kesho kutwa hakukaa na mtu. Kila mmoja alimuuliza amefika lini na anaondoka lini. Akiwajibu kwamba anaishi hapo, walimwangalia, wakaiangalia ile meza ndefu, wakarudisha macho kwenye sahani zao.

Huko meza ndefu watu walikuwa wakinyang'anyana vichwa vya samaki. Judica naye alikuwa huko, kwa kuwa mama yake alimwambia zamani kwamba alizaliwa Alhamisi. Sasa aliitwa Yaa, na aliitika kana kwamba aliitwa hivyo tangu Moshi.

Basi jioni moja mzee alichukua simu, akaiuliza tarehe moja Julai ya mwaka ulioandikwa kwenye pasipoti yake iliangukia siku gani. Simu ilijibu papo hapo: Jumatatu. Aliirudia hesabu mwenyewe kwenye karatasi kwa njia aliyofundishwa masomo ya jioni, ikatoka vilevile. Mtu asiyemjua angesema ameridhika. Lakini alikuwa akijua jambo ambalo simu haikulijua: ile Julai mosi alipewa na mwalimu wa darasa la kwanza, aliyekuwa na safu nzima ya watoto wasio na tarehe na kalamu yenye wino mdogo. Wazazi wake hawakuwa Wakristo bado, hakukuwa na kitabu cha ubatizo. Alipobatizwa akiwa mkubwa, padri alinakili tarehe ya mwalimu. Hivyo ikawa kweli kwa kurudiwa.

Kesho yake alisimama mbele ya jiko, kofia mkononi. "Jumatatu," alisema.

Anti Araba alipiga makofi. "Kojo! Nilijua! Watu wa Jumatatu ni wapole, ni wa amani. Kwame, sogea, mpishe Kojo."

Kwame, ambaye jina lake la ukoo lilikuwa Quansah na kazi yake ni kusafirisha mikoba, alisogea huku akinung'unika. "Mpole? Mtu aliyekaa mlangoni wiki zote hizo akitukazia macho kama mkaguzi wa afya? Karibu, Kojo. Vichwa vya samaki ni vyangu, nakuonya mapema."

"Nina meno ya upande mmoja tu," Kapinga alijibu. "Kichwa cha samaki unaweza kubaki nacho."

Walicheka, na yeye akacheka, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe ikicheka.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazuri. Aliitwa kwa jina. Aliulizwa kwa nini amechelewa. Quansah alimbishia kuhusu siasa, mvua, na namna ya kufunga katoni. Na mara moja alipokuwa na mafua, Anti Araba alimtuma Judica ampelekee supu kwenye chupa ya chai. Kurudi chumbani hakukuwa kuzito kama zamani. Ila kila alipoitwa Kojo, kitu kidogo kilimgusa mbavuni, kama pini iliyosahauliwa na fundi kwenye shati jipya.

Mwaka ule Julai mosi iliangukia Jumatatu yenyewe. Anti Araba aliona hilo ni jambo kubwa. "Siku na tarehe zimekutana! Uje asubuhi, kabla ya wateja, na usile chochote nyumbani."

Alikuta meza ndefu imefutwa. Quansah alikuwa amevaa shati jeupe. Judica alikuwa amekuja na kipande cha keki ndani ya mfuko. Anti Araba akaweka mezani sahani ya kiazi kikuu kilichopondwa na kuchanganywa na mawese mpaka kikawa na rangi ya machweo, na juu yake yai moja la kuchemsha, zima, jeupe, halijakatwa.

"Hii ni eto," alisema, na sauti yake ya sokoni ilikuwa imeshuka. "Hiki si chakula chako wewe, ni cha roho yako. Yai halikatwi kwa kisu. Unalishika hivi, unaishukuru roho yako kwa kuja siku ile iliyokuja na kukaa na wewe mpaka leo. Halafu unakula."

Judica, ambaye hakuweza kukaa kimya kwa muda mrefu, alicheka. "Baba Kapinga, kumbe na wewe ni wa Julai mosi? Baba yangu ni wa Julai mosi. Mjomba wangu Julai mosi. Mwalimu mkuu wetu Julai mosi. Sijui siku ile wakunga walitoka wapi nchi nzima!"

Quansah naye akacheka. "Kwetu ni Januari mosi. Afisa wa pasipoti akishachoka, watu wote ni mapacha."

Anti Araba hakucheka. Alimtazama Kapinga, akamwekea yai kiganjani. Lilikuwa bado na joto. "Wewe shukuru tu, Kojo."

Mzee alilishika lile yai. Angeweza kulila; hakuna aliyemkataza, na mdomo wake ulikuwa tayari umejaa mate kwa harufu ya mawese. Lakini aliposema moyoni "asante kwa kuja Jumatatu", alisikia kama anayemshukuru mtu mmoja kwa zawadi iliyoletwa na mwingine. Kuna roho yake mahali fulani, ilikuja siku fulani, imekaa naye kwenye mvua yote hii, na sasa anamlisha jirani.

Alilirudisha yai sahanini, taratibu, lisipasuke.

"Siijui siku yangu, Anti Araba. Jumatatu nimeichukua kwenye simu. Tarehe yenyewe nilipewa na mwalimu." Akasimama. "Kiti hiki nimekikalia bila haki. Mnisamehe."

"Kaa chini, mzee," alisema Quansah. "Nani ameuliza?"

"Mimi nimejiuliza."

Akavuka chumba, akaketi kwenye meza ya mlangoni, peke yake, mgongo umenyooka. Judica alianza kulia na kujilaumu. Anti Araba alifunika sahani kwa kawa. Kisha akamfuata, akaketi mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mgeni yeyote.

"Siku ile nilikuuliza kama hakuna mwingine anayejua, ukajifuta mdomo. Leo nakuuliza tena."

"Yupo. Dada yangu, Melania. Alikuwa msichana mkubwa nilipozaliwa."

"Yu hai?"

"Yu hai. Hatusemezani."

"Kwa hiyo yupo mtu duniani anayeijua siku yako," alisema Anti Araba, "na wewe umekuja kuniibia Jumatatu mimi." Alisema bila hasira, akiokota punje ya wali kwenye kitambaa cha plastiki. "Siwezi kukuchagulia siku, Didas. Ningekuchagulia zamani."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Didas. Mzee alitoka bila kula.

Hakurudi siku iliyofuata, wala ya pili. Alikula mkate na chai chumbani, na neno la kamusi halikukaa kichwani. Alichokifikiria ni jora la kitambaa.

Dorothea alipofariki, mipaka ilikuwa imefungwa kwa ajili ya ule ugonjwa. Ndege hazikuruka. Kapinga alikaa Guangzhou akisikiliza mazishi ya mkewe kwenye simu, sauti zikikatika. Hakuweza kwenda, basi alifanya alichokuwa anakijua: alikwenda Zhongda, siku ya kwanza aliporuhusiwa kutoka, akachagua kitambaa cheupe chenye maua madogo meusi, kizuri kuliko vyote alivyowahi kushika, akakituma kwa meli ili ukoo mzima uvae sare siku ya arobaini. Kilifika. Baadaye binamu mmoja alimwambia kwamba Dada Melania alikataza kisishonwe. Alikifungia sandukuni akasema, "Hatukuomba nguo, tuliomba mtu." Watu wakavaa walichokuwa nacho.

Hilo lilimchoma. Kama angeweza kwenda, si angekwenda? Aliapa kutosema neno mpaka dada yake aanze yeye. Dada hakuanza. Mipaka ikafunguliwa, ndege zikaruka, miaka ikapita. Mizigo ilikwenda Songea, yeye hakwenda. Alimsubiri dada aanze.

Siku ya tatu aliingia kwenye lifti ya Tianxiu Dasha, na ndani akamkuta Dullah, kijana wa Kariakoo mwenye ofisi ya mizigo juu kidogo ya wakala wake. Hawa wawili walikuwa wamepanda na kushuka pamoja kwenye lifti ile kwa muda mrefu bila kusemezana. Dullah siku ya kwanza alikuwa amemwambia "Mambo vipi, Mzee?" badala ya shikamoo, na Kapinga aliyageuza macho yake kwenye namba za ghorofa. Tangu hapo, kimya.

Safari hii Dullah alikohoa. "Mzee, samahani. Mimi nimekukosea nini? Nikikuona kwa Judica unaongea, unacheka. Mimi ukiniona unanuna kama nimekuibia mzigo."

"Hujanikosea. Hujanisalimu tu."

"Si nilikusalimu?"

"Ulinisalimu kama rika lako. Mdogo ndiye anayeanza, kijana, na anaanza kwa shikamoo. Mimi siwezi kuanza. Nikianza mimi nitakuwa nimekuvunjia wewe adabu, na mimi mwenyewe nimejishusha. Mkubwa anasubiri. Hata akisubiri miaka, hana njia nyingine."

Dullah alikuna kichwa. "Haya bwana. Shikamoo."

"Marahaba," alisema Kapinga.

Neno lilitoka bila shida. Lifti ilifika, milango ikafunguka, Dullah akatoka huku akitabasamu na kusema "Imekwisha hiyo, Mzee wangu!" Lakini Kapinga hakutoka. Alibaki amesimama mbele ya ukuta unaong'aa kama kioo, akiangalia mzee aliyekuwa akimwangalia, mpaka milango ikajifunga na lifti ikaanza kushuka naye.

Mkubwa anasubiri, hana njia nyingine. Ameyasema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa sauti ya mwalimu. Na Melania ni mkubwa wake, amemlea mgongoni. Miaka yote ile alikuwa akimtaka afanye jambo ambalo hata yeye asingelifanya kwa kijana wa kwenye lifti.

Ijumaa alasiri, baada ya wateja wa mchana kutawanyika, alipanda ngazi za kijani akiwa na karatasi, bahasha na kalamu. Aliketi meza ya mlangoni. Anti Araba alimwona, akamletea banku na samaki bila kuulizwa, akarudi kwenye vyombo vyake.

Kupiga simu kusingefaa. Masikio ya Melania yalikuwa yameziba, binamu alisema; lakini kusoma alikuwa anajua, maana masista walimfundisha katika mafundisho ya dini, na barua zilizopitia sanduku la posta la parokia zilimfikia. Kapinga aliandika kwanza kama alivyofundishwa masomo ya jioni, anwani mbili, tarehe, na chini yake mstari wa herufi kubwa: YAH: OMBI LA TAARIFA KUHUSU SIKU YA KUZALIWA. Alisoma. Alijiona kama anayemwandikia mkuu wa wilaya. Akaichana.

Ya pili ilianza na mipaka iliyofungwa, na ndege, na ubora wa kitambaa, na sababu zote za haki. Ilijaa ukurasa mzima. Hiyo nayo akaichana.

Jikoni vyombo viligongana. Nje mtoza makaratasi alipita akipiga kengele ya baiskeli. Kapinga alikata tonge la banku, akala, akavuta karatasi ya tatu.

*Dada Melania,*

*Shikamoo.*

Alikaa kwa muda mrefu akilitazama neno hilo. Kisha mkono ukaendelea wenyewe.

*Ni mimi Didas. Ilikuwa zamu yangu kuanza, nami sikujua. Niko Guangzhou bado, mzima, isipokuwa meno. Ninaishi peke yangu. Kuna mama wa Ghana hapa anayepika chakula chenye uchachu kama ule ugali wa mama. Ukionja utadhani umerudi jikoni kwetu. Ameniuliza nilizaliwa siku gani ya juma na nimeshindwa kumjibu.*

*Wewe uliwahi kuanza kunisimulia, zaidi ya mara moja. Ulisema mlikuwa mnachimba ngoro, kazi ya mwezi wa tatu, kwa hiyo haiwezi kuwa Julai, na wewe ulikuwa umevaa gauni lako la kwenda misheni, mama akakaa kando ya shimo akakwambia usiende. Hapo mimi nilikukatiza nikasema tarehe ninayo kwenye cheti. Sijawahi kukuacha ufike mwisho. Kama ulikuwa umevaa gauni la misheni, wewe utakumbuka ilikuwa siku gani.*

*Naomba umalizie. Andika polepole, nitasubiri.*

*Kuhusu kile kitambaa, uliomba mtu. Sikulisikia vizuri wakati ule. Kama bado kiko sandukuni kiache hapohapo, mpaka nije nikione pamoja na kaburi la Dorothea.*

*Mdogo wako,*
*Didas.*

Aliikunja mara tatu, akaitia ndani ya bahasha, akaandika sanduku la posta la parokia, Mbinga, Tanzania, kwa herufi kubwa zinazosomeka. Alipotaka kuifunga, aligundua kwamba bahasha za Kichina hazina gundi kwenye mdomo. Alilamba, haikushika. Alitazama huku na huku. Kisha akabana chembe ya banku kutoka sahanini, akailainisha kwa kidole gumba, akaipaka ukingoni mwa karatasi kutoka pembe hadi pembe, kama Melania alivyomfundisha kubandika karatasi za kufunikia daftari kwa ugali, na akaibonyeza kwa kiganja.

Anti Araba alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Aliona vipande vya karatasi zilizochanwa, akaiona bahasha. Hakusema kitu cha meza ndefu wala cha Jumatatu.

"Hiyo itashika?" aliuliza.

"Ikikauka itashika. Watakaoifungua watahitaji kisu."

"Eto nitapika jibu likija," alisema. "Hata ikichukua mwaka."

"Huenda asijibu."

"Huenda." Akachukua sahani yake. "Posta inafunga saa kumi na moja."

Alishuka ngazi, akipita kando ya sanduku jipya la msafiri fulani, bado limelowa. Mvua ilikuwa ikinyesha. Hakuufungua mwavuli wake uliovunjika. Aliitia bahasha ndani ya shati, kifuani, upande mkavu, akatembea akiwa ameuweka mkono hapo. Posta, msichana wa dirishani aliibonyeza bahasha kwa kidole pale ilipofungwa, akainusa, akakunja uso, akamwuliza kitu ambacho hakukielewa. "Tanzania," alijibu Kapinga. Msichana akabandika stempu, akaipiga mhuri, akaitupa kwenye kapu la nyuma yake, juu ya barua nyingine.